Idli Iliyolala: Heshima kwa Chakula na Mpaka wa Kuoza

Idli ni mkate mdogo wa mchele na choroko nyeusi unaopikwa kwa mvuke: mweupe, laini, mwembamba pembezoni na uliotuna katikati. Kusini mwa India, hasa katika majimbo ya Tamil Nadu na Karnataka, ndicho kifungua kinywa cha tajiri na maskini, cha mgonjwa na cha mtoto aliyeanza kula. Wahindi waliovuka bahari wamekuja nao hadi Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Chombo chake hupangwa sahani juu ya sahani, na mvuke mmoja hutoa idli nyingi kwa mpigo, hivyo ni nadra zikapikwa zisibaki. Namna ya kuzitunza zilizobaki, na namna ya kutambua kwamba zimeharibika, ni maarifa ya jikoni. Lakini mapokeo ya dini za India yameyaweka maarifa hayo mbele ya mahakama nyingine, kwa kumpa mwenye idli za jana amri mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zinapingana.

Amri ya kwanza imo katika Upanishad ya Taittiriya, mojawapo ya maandiko ya kale zaidi ya falsafa ya Kihindu. Humo inasimuliwa habari ya Bhrigu, aliyetumwa na baba yake Varuna atafute kwa kutafakari kilicho asili ya vyote. Jambo la kwanza analoligundua ni chakula: viumbe huzaliwa kwacho, huishi kwacho, na hurudi ndani yake. Anasonga mbele hadi pumzi, akili, maarifa na furaha, lakini chakula hakiachwi nyuma. Zinafuata nadhiri juu yake: kisidharauliwe, kisikataliwe, kizidishwe.

Amri ya pili imo katika Bhagavad Gita, andiko jingine la Kihindu. Sura ya 17 inagawa vyakula katika mafungu matatu kwa kufuata tabia ya wanaovipenda. Fungu la kwanza ni la utulivu na nuru, la pili la ukali na tamaa, la tatu la giza na uzito. Katika hilo la tatu kimewekwa chakula kilichopitwa na wakati wake, kilichopoteza ladha, kinachonuka, kilicholala, pamoja na makombo. Basi mwenye bakuli la idli za jana akizitupa amekataa alichoamriwa asikikatae, na akizila amejilisha giza.

Mgongano huo unajulikana mbali na India. Karibu kila jamii ya wala wali hufundisha watoto kwamba kumwaga chakula ni kosa, na karibu kila ukoo una bibi anayemaliza kiporo kilichoanza kubadilika harufu ili tu kisitupwe. Pwani ya Afrika Mashariki inao wengi. Watu hao wanastahili heshima, kwa maana wengi wao wameijua njaa. Kanuni yao ndiyo inayohitaji kuchunguzwa. Kinachotetewa hapa ni kwamba amri hizo mbili humgonganisha aliyechelewa tu. Chakula kina saa zake, na heshima inayokistahili hulipwa ndani ya saa hizo: katika kipimo cha kupika, katika namna ya kupoza, katika wakati wa kugawa. Saa zikishapita, kula hakulipi deni lolote.

Idli inafaa kupima hoja hii kuliko vyakula vingi, kwa sababu yenyewe imezaliwa na uchachu. Mchele na choroko huloweshwa mbalimbali kwa saa kadhaa, husagwa, huchanganywa na chumvi, na rojo lake huachwa usiku kucha mahali penye joto. Hakuna hamira inayotiwa. Bakteria wa asidi ya laktiki waliokuja na choroko zenyewe, hasa Leuconostoc mesenteroides, hula sukari na kutoa asidi na gesi ya kaboni. Rojo huumuka, huwa chachu, na pH yake hushuka hadi karibu 4.5, kutegemea joto na muda. Asubuhi humiminwa katika vibakuli na kupikwa kwa mvuke dakika 10 hadi 15. Chakula chenye jina linalofanana na hili kinatajwa katika Vaddaradhane, kitabu cha Kikannada cha karibu mwaka 920, na tena katika Manasollasa ya mfalme Someshvara wa Tatu katika karne ya 12. Mapishi ya wakati huo yalikuwa ya choroko. Mchele uliingia baadaye.

Hapa swali la falsafa linajitokeza lenyewe. Ikiwa rojo lililokaa usiku mzima likichacha ni chakula bora, kwa nini mkate uliotokana nalo ukikaa usiku mzima uwe chakula cha giza? Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zililiona tatizo hili mapema. Sura ya 5 inakataza vitu vilivyogeuka kuwa vikali kwa kukaa, kisha papo hapo inaruhusu mtindi na vyote vitokanavyo na mtindi. Aliyeandika hivyo alijua kwamba uchachu wa aina moja hulisha na wa aina nyingine hudhuru, ingawa kwa ulimi vinakaribiana. Kilichomwezesha kuutenganisha mtindi ni uzoefu wa vizazi: watu waliujua mwanzo wake, muda wake, na mahali unapokoma. Uchachu unaoaminika ni ule unaosimamiwa. Rojo la idli lina mlinzi, aliyelitia chumvi, aliyechagua pembe ya jiko na atakayeamka kulipika kabla halijazidi. Idli zilizosahauliwa mezani hazina mlinzi.

Hata hivyo usimamizi wa nia pekee hautoshi. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi uliofuata uliielekea asidi ya bongkreki, sumu inayotolewa na bakteria wanaoweza kuota katika unga wa mahindi uliolowa. Waliotengeneza pombe ile walikuwa wakifanya jambo ambalo wazee wao walilifanya miaka yote, kwa nia njema na kwa ajili ya kuwafariji wafiwa. Bakteria hawaisikii nia. Hoja yoyote ya dini inayodai kwamba usafi wa moyo hukisafisha chakula inapaswa kusimama mbele ya makaburi ya Chitima na kujieleza.

Mvuke wa nyuzi 100 huwaua bakteria walioumua rojo, lakini hauui kila kitu. Bacillus cereus, bakteria wa udongoni anayepatikana katika mchele karibu kila mahali, hujigeuza spora, yaani mbegu ngumu iliyolala, na spora hustahimili kupikwa. Idli ikipoa hadi chini ya nyuzi 60, spora huanza kuamka, na kuanzia hapo hadi nyuzi 5 bakteria huweza kuzaliana. Joto la kawaida la Chennai au la Mombasa linawafaa sana. Baadhi ya aina zake hutoa sumu iitwayo sereulidi, ambayo humtapisha mlaji ndani ya nusu saa hadi saa 6. Aina nyingine hutoa sumu za kuharisha, na dalili zake huchelewa, saa 6 hadi 15. Wengi hupona ndani ya siku moja. Mara chache ini hushindwa kufanya kazi, na mtu hufa.

Sereulidi ndiyo inayolifanya suala la idli liwe zito kuliko linavyoonekana. Haina harufu wala ladha ya kuijulisha, na haibadilishi rangi ya chakula. Joto la jikoni haliiwezi: maabara zimeikuta ingali nzima baada ya kupikwa kwa nyuzi 121 kwa saa moja na nusu. Kuipasha moto idli iliyokaa nje kunawaua bakteria na kuiacha sumu mahali pake. Ugonjwa huu ulitambuliwa nchini Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika migahawa ya Kichina iliyokuwa ikichemsha wali mwingi, kuuacha nje usiku kwa sababu wali wa jokofu hushikana, kisha kuukaanga haraka mteja anapoagiza. Wali ule haukunuka. Wapishi wangeunusa wangeapa kwamba ni mzima, na kiapo chao kingekuwa cha kweli kwa kadiri pua inavyojua. Uchachu wa idli hupunguza kasi ya bakteria huyu, kwa kuwa hapendi asidi, lakini haumzuii kwa uhakika, na idli za rojo lisilochacha vya kutosha hazina hata kinga hiyo.

Ni nani basi mwamuzi: saa au hisi? Wafasiri wakubwa wa Gita walijibu tofauti. Shankara, akieleza maana ya chakula kilicholala, alichukua kipimo cha muda: ni kile kilichopikwa na usiku ukapita katikati. Ramanuja, aliyekuja karne kadhaa baadaye, alichukua kipimo cha badiliko: ni kile ambacho kwa kupita kwa muda kimepata ladha nyingine isiyo yake. Kwa Shankara inatosha kuhesabu. Kwa Ramanuja ni lazima kuonja, au angalau kuchunguza, na kitu kilichokaa bila kubadilika kina nafasi ya kujitetea. Wasomaji wengi wa Gita wanaongeza kipimo kikali zaidi kutoka katika mstari uleule, kwamba chakula kisipite yama moja tangu kupikwa, na yama ni sehemu ya nane ya siku, yaani saa 3.

Tofauti hii inagusa swali la zamani la falsafa: je, kuoza ni tukio linalotokea ndani ya kitu, au ni hukumu tunayoitoa tunapokihisi? Kama ni hukumu ya hisi, Ramanuja yuko sahihi, na idli isiyonuka ni nzima. Kama ni tukio, basi linaweza kuwa limekamilika kabla hisi hazijapata habari. Sereulidi inaonyesha kwamba angalau upande mmoja wa kuoza ni tukio la aina hiyo ya pili. Hapo saa ya Shankara ina uzito kuliko ulimi wa Ramanuja. Si kwamba Shankara alijua lolote kuhusu bakteria. Yeye alishughulika na usafi wa ibada na athari ya chakula katika akili, na si haki kumvika koti la maabara. Lakini alielewa kwamba muda wenyewe ni ushahidi, hata pale ushahidi mwingine unaponyamaza. Upande mwingine, hisi zikishasema kwamba chakula kimeharibika, saa haina mamlaka ya kuzikanusha. Idli ya saa 2 yenye uteute ni mbovu hata kama kwa hesabu bado ina muda. Saa na hisi zina haki ya kukataa tu. Hakuna kati yao inayoweza peke yake kuruhusu.

Dalili ambazo hisi zinaweza kuzitambua ni hizi. Jicho huona madoa: ukungu mweupe wenye nyuzi kama pamba, au wa kijani na mweusi, au mabaka ya waridi na manjano ambayo mara nyingi ni makundi ya bakteria au hamira. Kukwangua doa hakusaidii, kwa sababu idli ni laini na ina maji mengi, na mizizi ya ukungu huwa imeshapenya ndani mahali ambapo bado panaonekana peupe. Kidole huhisi utelezi juu ya ngozi ya mkate. Ukimegwa, mkate ulioharibika huweza kuvuta nyuzi nyembamba zinazonata kati ya vipande viwili, ishara ya bakteria wa jamii ya Bacillus wanaovunjavunja wanga. Pua inahitaji uzoefu zaidi, kwa maana idli nzima nayo ina uchachu wake mwepesi. Kinachotafutwa ni harufu isiyokuwapo ilipotoka kwenye mvuke: ya pombe, ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, ya uvundo, au ukali unaochoma. Ulimi usitumike kabisa. Kuonja ili kujua ni kula kabla ya kujua.

Kuna badiliko moja linalowapotosha wengi, nalo ni ugumu. Idli iliyolala katika jokofu hukakamaa, hukauka midomoni na kukatika vipandevipande, na watu huitupa wakidhani imekufa. Kilichotokea ni kwamba wanga uliovimba kwa mvuke umejipanga upya na kuyasukuma maji nje. Jambo hili hutokea haraka zaidi katika baridi ya jokofu kuliko nje. Si kuoza. Mvuke wa dakika chache huirudishia ulaini wake, na jiko la kusini mwa India lina njia nyingine ya kuiokoa: huvunjwavunjwa na kukaangwa pamoja na mbegu za haradali, vitunguu na majani ya mchuzi, ikawa chakula kipya kinachopendwa kwa haki yake. Anayeitupa idli ngumu iliyotunzwa vizuri anavunja nadhiri ya Taittiriya waziwazi. Ni ajabu kwamba mtu huyohuyo mara nyingi atakula bila wasiwasi idli laini iliyoshinda mezani tangu alfajiri, kwa sababu tu inabonyea.

Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wamelifikisha swali hili mbali zaidi ya wote. Kwao msingi si usafi wa mlaji bali uhai wa kinacholiwa. Mafundisho yao, yaliyoandikwa karne nyingi kabla ya Antonie van Leeuwenhoek kuviona viumbe vidogo kwa lenzi zake katika miaka ya 1670, yanasema kwamba chakula chenye unyevu kikiachwa hujaa viumbe hai visivyoonekana, na kukila ni kuviangamiza. Kwa hiyo chakula kilicholala kimekatazwa, na vilevile chakula chochote ambacho ladha, rangi au harufu yake imehama. Muda unaoruhusiwa wa kuweka unga hufupishwa majira ya mvua, pale unyevu unapozidi. Kwa mantiki hiyo idli yenyewe inashukiwa, kwa kuwa rojo lake limelala usiku kucha likijaa uhai, na Wajaini wanaoshika sana huiacha au huitengeneza ya papo hapo isiyochachuliwa. Katika jamii ya Kijaini ya Waoshwal wa Nairobi na Mombasa wapo wanaofuata desturi za namna hii, pamoja na ile ya kutokula baada ya jua kuzama.

Inaweza kupingwa kwamba hata mvuke huua, na kwamba hakuna mlo usio na kifo ndani yake. Wanafikra wa Kijaini hawalikani hilo. Jibu lao ni kwamba mtu wa nyumbani hawezi kuepuka madhara yote, ila anaweza kuacha kuyazidisha kwa uzembe wake. Hapo ndipo mafundisho yao yanapogusa kila jiko, hata la asiyekubali kwamba bakteria wana roho. Yanahamisha wajibu kutoka mwisho hadi mwanzo. Nyumba inayofuata kanuni hizi haikai usiku ikijadili kama idli zilizobaki ziliwe au zitupwe; imepika kiasi kinachotosha, imekula mapema, na chungu ni kitupu. Hakuna falsafa nyingine ya chakula inayolimaliza tatizo la kiporo kwa ukamilifu kiasi hiki, na inastahili kusomwa zaidi ya inavyosomwa.

Pingamizi zito kwa kipimo cha muda linatoka hekaluni. Prasada ni chakula kilichotolewa kwa mungu na kurudishwa kwa waumini, na mapokeo mengi yanasema kikishapokewa na mungu hakihesabiwi tena miongoni mwa vyakula vya kawaida. Kisa mashuhuri ni cha mji wa Puri, mwanzoni mwa karne ya 16. Kwa mujibu wa Chaitanya Charitamrita, kitabu cha maisha ya mtakatifu Chaitanya, yeye alimpelekea mwanachuoni Sarvabhauma Bhattacharya prasada ya Bwana Jagannath, mungu wa hekalu la mji huo, alfajiri, mzee huyo akiwa ndiyo kwanza ametoka kitandani. Sarvabhauma, bingwa wa mantiki na mshika sheria, hakusubiri kuoga wala kusafisha kinywa. Aliila palepale, akitaja fundisho kwamba prasada huliwa mara ipatikanapo, hata ikiwa kavu, hata ikiwa imelala, hata ikiwa imeletwa kutoka nchi ya mbali. Kwa wafuasi wa Chaitanya hiki ni kisa cha moyo uliofunguka, wa mtu aliyeacha sheria ivukwe na upendo.

Fundisho hilo halipaswi kudharauliwa, na pia halipaswi kutumiwa mahali lisipohusika. Linaongelea daraja ya chakula: kwamba kukaa hakukipunguzii utakatifu wala hakumpi mpokeaji sababu ya kiburi. Halijasema kwamba unyevu haumo ndani yake. Tena matendo ya Puri yenyewe yana busara kuliko wanaolinukuu fundisho. Wali wa Jagannath unaokusudiwa kubebwa na mahujaji hadi makwao, na kuwekwa mdomoni mwa wanaokata roho, huanikwa juani kwanza hadi ukauke kabisa. Bacillus cereus huacha kuota pale kiasi cha maji huru katika chakula, kinachopimwa kwa kipimo cha 0 hadi 1, kinaposhuka chini ya karibu 0.92, na chini ya 0.6 hakuna kijidudu kinachoota. Mapokeo yaliyotangaza kwamba muda hauna nguvu juu ya prasada ndiyo yaliyochukua taabu ya kuikausha. Waliielewa imani yao vizuri.

Kusini, katika hekalu la Varadaraja Perumal mjini Kanchipuram, idli ndiyo yenyewe sadaka. Hupikwa katika vikapu virefu vya mianzi vilivyotandikwa majani, na rojo lake hutiwa samli, pilipili manga, bizari nyembamba, tangawizi kavu na mvuje. Ndilo hekalu ambalo Ramanuja alilitumikia ujanani, akimchotea maji mungu wake. Husemwa kwamba idli hii hudumu kuliko ya kawaida, na viungo hivyo huchangia kidogo kuchelewesha ukungu. Sheria za Manu nazo zinakiruhusu chakula kilicholala ikiwa kimetiwa mafuta. Hapa sheria ya kale na maarifa ya leo yanaachana njia: samli huzuia mkate usikauke na huficha harufu, lakini haiwazuii bakteria katika mkate uliojaa maji. Kwa Puri sababu ilikuwa ukavu, na idli haina ukavu huo. Muumini anayeibeba idli ya hekalu katika mfuko wa plastiki, ndani ya basi, mchana kutwa, akiamini baraka itailinda, amelihamisha fundisho la Sarvabhauma kwenye kitu ambacho hakikuandaliwa kwa safari. Mamlaka ya Viwango na Usalama wa Chakula ya India ina mpango uitwao BHOG wa kufundisha na kuthibitisha usafi wa majiko ya ibada, na mahekalu yaliyoupokea hayakuona kwamba yanamkosea mungu.

Utunzaji wenyewe una kanuni chache, na kila moja ni sehemu ya heshima inayojadiliwa. Iliyo bora ni kuhifadhi rojo badala ya idli. Rojo lililokwisha kuumuka likiwekwa katika jokofu hulindwa na asidi yake kwa siku kadhaa, likizidi tu ukali, na kila asubuhi hupikwa kiasi kinachohitajika. Idli zilizokwisha kupikwa zisiachwe nje zaidi ya saa 2, na joto la hewa likipita nyuzi 32, zaidi ya saa 1. Zipozwe zikiwa zimetandazwa, si kurundikwa, kwa sababu zilizo katikati ya rundo hubaki vuguvugu kwa muda mrefu, na vuguvugu ndilo joto wanalolipenda bakteria. Mvuke ukishapungua ziingizwe katika chombo chenye mfuniko ndani ya jokofu lisilozidi nyuzi 5. Hapo zinafaa kwa siku 2 au 3. Katika friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa salama kwa muda mrefu zaidi, ingawa baada ya mwezi mmoja au miwili ladha hupungua. Zitolewapo ziingie kwenye mvuke moja kwa moja, bila kuyeyushwa mezani, hadi katikati pafike nyuzi 75, na zilizopashwa zisirudishwe. Umeme ukikatika, jokofu lililofungwa hulinda kwa karibu saa 4.

Hotipoti inahitaji tahadhari yake, maana katika majumba ya India na ya Afrika Mashariki ndiyo inayoaminiwa kupita kiasi. Inalinda chakula maadamu kilichomo kiko juu ya nyuzi 60. Ikishapoa, chombo hichohicho huwa kimefungia joto la wastani na unyevu pamoja, na chakula kingekuwa salama zaidi kikiwa wazi sahanini. Chatini ya nazi isihifadhiwe pamoja na idli wala isipakwe mapema. Nazi mbichi iliyosagwa huharibika kabla ya mkate, na huuambukiza. Penye nyumba isiyo na jokofu, kanuni yote inabaki moja: kipikwe cha mlo mmoja, na kinachozidi kigawiwe kikiwa kingali na moshi.

Kugawa nako kuna mtihani wake. Upanishad ya Katha inaanza na baba anayetoa ng'ombe sadaka, na kijana wake Nachiketas anayeona kwamba ng'ombe hao ni wakongwe, wamekunywa maji yao ya mwisho, wamekamuliwa maziwa yao ya mwisho. Kijana anatambua kwamba atoaye vitu vya namna hiyo huenda katika ulimwengu usio na furaha. Idli zinazotolewa kwa mlinzi wa lango, kwa yaya au kwa ombaomba baada ya wenye nyumba kusita kuzila ni ng'ombe wale wale. Hili ndilo kosa baya kuliko yote katika suala zima, kwa sababu linatimiza amri ya kutotupa kwa tumbo la mtu mwingine, na tena la mtu asiye na uwezo wa kulala hospitali.

Idli iliyokwisha kuharibika haina mlaji halali, awe mtu au mnyama. Desturi ya kumpa ng'ombe mabaki ni njema kwa chakula kizima. Chenye ukungu kinaweza kuwa na sumu zinazomdhuru ng'ombe na kuingia katika maziwa yake. Prasada iliyoharibika kwa kawaida huwekwa chini ya mti au katika maji yanayotiririka, na udongo ni chaguo bora kuliko mto ambao wengine huchota maji ya kunywa. Kitambaa kilichotandikwa katika vibakuli vya idli huchemshwa na kuanikwa juani hadi kikauke kabisa, kwani mabaki ya wanga yaliyobaki katika nyuzi zake huweza kulisha ukungu na bakteria watakaoingia katika mapishi yanayofuata.